Nguzo ya Tisa

Nilirudi kutoka chuoni na diploma ya ujenzi ndani ya bahasha ya kaki, nikakuta penseli ya baba iko sikioni kwa shemeji yangu.

Si penseli ya kuandikia barua. Ni ile ya seremala, bapa, nyekundu, haiviringiki ukiiweka mezani. Katika karakana yetu, anayeichomeka sikioni ndiye anayekadiria mbao, na anayekadiria mbao ndiye mwenye sauti. Sisi wengine tunabeba. Baba aliichomeka miaka thelathini. Sasa macho yake yameingia ukungu, na kila mtu nyumbani alijua penseli ile lazima ihame. Mimi nilijua hata inakohamia. Sikio langu lilikuwa tayari.

"Injinia karudi!" shemeji akanipokea kwa mikono miwili, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. Kabla ya kumwoa dada yangu alikuwa kinyozi. Pale sikioni palikuwa pa chanuo.

"Naona umebadilisha chanuo," nikamwambia.

Akacheka. Akacheka kweli, kwa moyo, na hilo likanikera kuliko kama angenuna.

"Baba kaniazima tu, shem."

"Sijamwazima," baba akasema kutoka kwenye benchi lake. "Nimempa."

Dada alikuwa anamimina chai. Akaniangalia kwa jicho la kuniambia nimeze mate ninyamaze. Nikameza. Yalishuka kama misumari.

Wiki mbili zilizofuata nilimchunguza mtu yule kama anayetafuta mchwa kwenye mlango mpya. Alishika randa kama baba. Alikohoa kama baba kabla ya kutaja bei. Baba akimwita "mwanangu", mimi akiniita "msomi", na neno hilo likinitenga na benchi kama kibao cha hatari. Usiku nililala nikihesabu mambo aliyoyapata kwa miaka miwili ambayo mimi niliyasubiri tangu nikiwa na urefu wa msumeno.

Kisha ikaja kazi ya Mama Sindano.

Huyu ni fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye utepe shingoni na maneno mengi mdomoni. Alitaka chumba chake kigawanywe kwa ukuta wa mbao, upande mmoja vyerehani, upande mwingine wateja wake wajaribie nguo bila kuchunguliwa. Ukuta wa futi kumi na sita kwa urefu, futi nane kwenda juu, mlango katikati. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne, nguzo moja kila futi mbili, halafu plaiwudi pande zote.

Kwetu hatupimi ukuta kwa futi ya chuma. Tuna ufito. Ni mti mwembamba wa futi nane, una alama nne zilizochongwa kwa kisu, moja kila futi mbili, ya mwisho ikiwa ncha yenyewe. Baba huulaza chini pale ukuta utakapopita, mara mbili kwa ukuta kama ule, akitaja nguzo kila alama. Lakini kabla hajaanza kutaja, huupiga ukuta wa kona kwa kiganja, pa! Kofi lile ndiyo nguzo ya kwanza, ile inayosimama pale pale mwanzo. Hasemi "moja". Hajawahi kusema. Ananyamaza, anapiga, kisha anaanza na "mbili". Nilijifunza hivyo nikiwa na miaka saba, nimebeba kopo la misumari, na hakuna aliyenifafanulia.

Siku ya kukadiria, shemeji aliulaza ufito. Akaupiga ukuta kwa kiganja, vizuri kabisa, kama baba. Kisha akainama kwenye alama ya kwanza, akasema:

"Moja."

Nilisimama mlangoni.

"Mbili. Tatu," akaendelea, akauhamisha ufito, akafika kona ya pili. "Nane. Nguzo nane." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri.

Mtu yule alidhani kofi ni mazoea tu ya mzee, namna ya kuuamkia ukuta. Alikuwa amenakili kila kitu cha baba isipokuwa maana yake.

Mengine yote aliyapata. Mbao ya chini moja, za juu mbili, kwa hiyo mara tatu ya futi kumi na sita. Nguzo mbili za ziada kila upande wa mlango, na mbao moja juu yake, ikishikiliwa na vipande vya ile nguzo ya katikati inayoangukia mlangoni. Pingili za kufunga katikati ya nguzo. Alikumbuka hata kwamba mbao ya chini hupigwa nzima, mlango hukatwa baadaye, na kipande kinachotoka kinakuwa pingili.

"Unaonaje, injinia?" akaniuliza, akininyooshea karatasi.

Nikaisoma. Nane ilikuwa inanitazama, nono, imejiviringa kama paka aliyeshiba.

"Mwandiko mzuri," nikasema.

Sifa ya karakana yetu ni kwamba hatuleti mbao ya kurudi nayo. Kazi ikiisha, kinachobaki sakafuni hakizidi kiganja. Kwa hiyo nguzo nane zilizoandikwa, nane zilikuja. Jioni ya Ijumaa, wenzangu walipoingia ndani kula, nilipanda darini mwa karakana nikashusha ubao wangu mwenyewe, niliouhifadhi nitengenezee rafu ya vitabu. Nikaukata futi saba na nusu, maana futi nane ukitoa mbao tatu za inchi mbili inabaki hiyo. Nikaupitisha randa hadi ukang'aa. Asubuhi nikatangulia nao mwenyewe kwa Mama Sindano, nikausimamisha nyuma ya nyumba, chini ya turubai.

Ningeweza kusema wakati wowote. Njiani. Gari likipakuliwa. Wakipiga mbao za chini. Kila mara nilipofungua mdomo, niliiona ile penseli, na mdomo ukajifunga.

Walisimamisha nguzo kuanzia kona ya mlango wa nje, wakisogea ufito kwa ufito, plaiwudi ikifuata nyuma. Baba amekaa kwenye kiti, uso juu, anasikiliza nyundo. Dada alikuwa amewaletea maji. Saa nane mchana, duka la mbao limeshafungwa kama kila Jumamosi, shemeji akanyoosha mkono nyuma kuchukua nguzo ya mwisho. Mkono ukashika hewa.

Akageuka. Akahesabu zilizosimama. Akahesabu tena kwa kidole.

"Mbona plaiwudi ya mwisho haina pa kupigiliwa?" Mama Sindano akauliza. Akaisukuma, ikapepea. "He! Hili pazia au ukuta? Mimi nikishona shati nikasahau kifungo cha mwisho, mteja ananitupia usoni!"

Shemeji alikuwa ameiva kwa aibu hadi shingoni. "Baba, nimekosea hesabu."

Nilikuwa nimeshatoka. Nikarudi na nguzo yangu begani, nikaiingiza konani. Ikaingia bila kugongwa. Hata unyoya usingepita.

"Hii hapa," nikasema. "Ya tisa."

Mama Sindano akapiga kigelegele. Nilikuwa nimekingojea usiku kucha, na kilikuwa kitamu. Kilidumu mpaka baba aliponyanyuka, akapapasa hadi kwenye nguzo, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hii imepigwa randa jana," akasema. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipopiga kofi akasema moja."

"Ukaacha nyumba yangu ichekwe."

"Ulimfundisha yeye miaka miwili, baba. Kofi hukumfundisha."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikutazama."

Baba akaiachia nguzo. Kisha akanyoosha mkono, shemeji akachomoa penseli akampa. Baba akainyoosha kwangu.

"Mwombe radhi shemeji yako, kisha uichukue."

"Baba, yaishe," shemeji akasema. "Kosa ni langu. Mpe tu." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi.

"Mdogo wangu, ni neno moja tu," dada akanong'ona.

Niliitazama penseli. Mwishoni ina alama za meno ya baba, za miaka yote, maana huitafuna akifikiri. Pembeni ya alama hizo palikuwa na nyingine, mpya, ndogo. Meno ya shemeji. Hata kutafuna alikuwa amemuiga.

"Siombi," nikasema. "Kaa nayo, baba. Nilihesabu tisa na ni tisa. Nilinyamaza kwa makusudi, na ningenyamaza tena. Radhi siombi."