Maswali ya Siku ya Thelathini

Kazi yangu siku hizi ni kuwapigia watu simu na kuwauliza kama wanatoa usaha. Ndiyo, hivyo hivyo. Nimesomea uuguzi, nimezeekea wadini, miguu imevimba kwa kusimama, na mwisho wa yote nimekalishwa kwenye stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyokufa. Nimepewa meza, kiti na simu ya mradi. Wenzangu wa wadini wanasema nimeula. Waje wakae wao hapa, tuone kama wataimaliza wiki.

Utafiti wenyewe ni wa daktari wetu wa upasuaji. Nyuma ya mgongo wake tunamwita Asilimia, maana hawezi kukusalimia bila kutia asilimia ndani. Ni kijana mzuri, sitamsingizia. Anapasua hospitali nzima peke yake, anakula amesimama, na ukimkuta ameegemea ukuta usimguse, huenda amesinzia. Anataka kujua jambo moja tu. Mtu akipasuliwa tumbo, daktari na nesi wakivaa glavu mpya na kushika vyombo safi kabla ya kushona, je, vidonda vitaoza vichache kuliko wakishona na glavu zilezile walizochokolea matumbo?

Utasema, hilo nalo ni swali? Kwako wewe si swali. Kwa wanaotoa fedha za glavu bado ni swali, wanataka ushahidi. Kwa hiyo kila mgonjwa wa tumbo anafunguliwa bahasha akiwa mezani: huyu glavu mpya, huyu zilezile. Siku ya thelathini mimi ndiye ninayepiga simu kuuliza kidonda kimefikia wapi, na sitakiwi kujua bahasha ilisema nini, nisije nikapendelea upande.

Sasa shida ni kwamba watu wetu wana adabu. Unapiga: habari za huko? Nzuri. Mgonjwa anaendeleaje? Vizuri tu, tunamshukuru Mungu. Mwenye haraka akiishia hapo, ataandika kapona. Mimi siishii hapo. Nangoja. Tunaulizana mvua, tunaulizana watoto, tunalaumu bei ya kila kitu, halafu mtu anavuta pumzi na kusema, "Ila..." Hapo ndipo ninaposhika kalamu. Ila usiku haoni usingizi. Ila kitambaa kinalowa.

Kuna bwana mmoja, fundi cherehani, tulisalimiana vizuri kabisa. Akaniuliza hali yangu, akamuulizia na daktari, akatushukuru kwa kutowasahau. Kisha akasema, ila mke wangu tulimzika wiki iliyopita. Yeye ndiye akaanza kunipa pole mimi, eti najua mlijitahidi. Siku ile sikupiga simu nyingine.

Kanuni za mradi zinasema usimpigie ndugu yako. Nilipozisoma nilicheka, nani ana ndugu wa kupasuliwa tumbo kila mara? Haya, haukupita muda utumbo wa mama yangu ukajisokota. Aliletwa na jirani yake, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hapitwi na habari, nyuma ya pikapu ya watu, amejikunja, midomo imekauka. Asilimia akamwingiza chumba cha upasuaji papo hapo. Walipomtoa, nilimfuata nesi wa kule ndani, mtu tuliyesoma naye, nikamuuliza bahasha ya mama ilisemaje.

"Dada, unajua siwezi kukuambia," akasema.

Najua hawezi. Hata hivyo nilimnunia, na chai yake nikakataa kunywa. Mtu akikuambia tumbo la mama yako limeamuliwa na bahasha, hata kama kanuni unaziamini, roho inauma.

Mama alipopata nafuu nilitaka akae kwangu. Wee! Alinikatalia mbele ya wadi nzima. "Kwako nitakaa na nani? Wewe unatoka hakujapambazuka, unarudi kulala. Niongee na kuta?" Akarudi kwake, safari ya basi kutwa nzima. Kila Jumapili nilikuwa nampigia. Anaendeleaje? Hajambo. Tumbo je? Limetulia. Halafu yeye ndiye anaanza kunihoji: mgongo wangu, zamu zangu, lile bomba la jikoni limetengenezwa? Simu ikikatwa nimejua zaidi habari za mgongo wangu kuliko za tumbo lake.

Siku yake ya thelathini ilipofika, simu ilikuwa ya Asilimia kupiga, maana kwenye mradi tuko wawili tu. Alikuja stoo baadaye, bado yuko na kofia ya chumba cha upasuaji, barakoa inaning'inia shingoni. Akajitupa kwenye kiti cha magurudumu kisicho na magurudumu.

"Sista, mama yako nimempigia. Yuko fiti."

"Ehe?"

"Maswali yote kajibu hapana. Usaha hapana, homa hapana, mshono kuachia hapana. Na amenibariki mimi na watoto wangu, ambao hata sijawapata." Akacheka. Meno yake sikuwa nimeyaona siku nyingi. "Tukiendelea hivi, asilimia ya—"

"Asilimia tuiweke kando kidogo, Daktari. Mama alisema nini kingine?"

"Hakuna. Aliniomba radhi kwa kelele tu. Kuna mtu alikuwa anafagia uani."

"Nani?"

"Jirani yake, nafikiri. Alisema anamsaidia."

Mama yangu hafagiliwi uwanja. Mimi mwanawe wa kumzaa nikifagia, ananisubiri nimalize halafu anashika ufagio anarudia, eti nimeacha michirizi. Amefagia na homa, amefagia na mkono uliofungwa bandeji, amefagia asubuhi tuliyomzika baba, watu wanamnyang'anya ufagio na yeye anaushikilia. Leo aseme anasaidiwa?

"Baada ya kukuambia hajambo," nikamuuliza, "ulingoja?"

"Ningoje nini?"

"Aseme ila."

"Sista, nilikuwa na mgonjwa mezani." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Niliuliza maswali yote, moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa."

Hapo nikapandisha. Sijivunii kumfokea daktari, ila nilikuwa nimechoka na yeye amechoka, na mtu aliyechoka hana breki. "Wewe ndiye uliyempasua! Unampigia wewe mwenyewe, unamuuliza kama kazi yako imeharibika, ulitegemea akuambie nini? Mtu akikupikia, akakuandalia, akasimama pale anakutazama, utamwambia chakula kimeungua?"

Asilimia akavua kofia. Nywele zilikuwa zimelala kwa jasho. Nikaanza kuona haya.

"Nimepiga simu nyingi wiki ile uliyokuwa na mafua," akasema taratibu. "Zote za wagonjwa niliowapasua."

"Tutazirudia."

"Zote zilikuwa nzuri."

"Ndiyo maana tutazirudia, Daktari."

Akajipangusa uso kwa ile kofia. Koridoni mtu alikuwa anamwita, anasema mgonjwa ameshalala kwa dawa. Akainuka kwa kushika meza. "Mpigie mama yako sasa hivi."

"Na kanuni?"

"Kanuni nimeziandika mimi. Andika kwamba nimekuruhusu." Akatoka, na mlangoni akageuka. "Kama kidonda ni kibaya, asikae huko hata siku moja. Nitampangia nafasi, sijui wapi, lakini nitampangia."

Nikafunga mlango wa stoo, nikapiga. Iliita sana. Mama anaiweka simu yake ya tochi kwenye mfuko wa ndani, kuitoa ni shughuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo si Jumapili?"

"Nimekukumbuka tu. Unaendeleaje?"

"Sijambo, mama. Nzuri tu."

Nikangoja. Na yeye akangoja. Nilisahau kwamba kungoja nimejifunza kwake. Nikamuulizia mvua, akasema imenyesha. Nikamuulizia Mama Redio, akasema mzima, anaongea mpaka kuku wanamkimbia. Nikamuulizia uwanja, akasema uko safi. Ile ila yake haikuja. Tungeweza kukaa pale mpaka salio la mradi liishe.

"Mama," nikasema, "leo sikupigii kama mwanao. Napiga kutoka hospitali. Nina maswali ya siku ya thelathini."

"Si daktari kashaniuliza?"

"Tunarudia."

Nikasikia kitanda kinalia, anajigeuza. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika, ile sauti yake ya ofisini, ya kuongea na watu asiowajua.

"Haya, nesi. Uliza."

Nikavuta karatasi. "Tangu utoke hospitali, kidonda kimetoa usaha au majimaji?"

"Kimetoa, nesi."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kwanza kidogo, nikasema kitakauka. Sasa nabadilisha kitambaa asubuhi na jioni, na harufu yake, nesi, mtu akija namkaribisha nje."

"Umepata homa?"

"Kila usiku. Natetemeka mpaka meno yanagongana."

"Mshono umeachia?"

"Chini ya kitovu umeachia. Kidole kinaingia."

Nilitaka kupiga ukelele. Nikauliza swali linalofuata, maana nikinyamaza nitashindwa kuendelea. "Umemwambia mhudumu wa afya yeyote?"

"Alipiga daktari. Mtoto wa watu, sauti yenyewe imekauka kwa kazi. Kaniokoa nisife, leo nimwambie mshono wako umeoza? Nikamwombea dua."

"Nyumbani kuna mtu wa kukusaidia?"

"Jirani. Na ninaye binti, anafanya kazi hapohapo kwenu."

"Binti anajua?"

"Hajui. Na wewe, nesi, usimwambie." Akahema. Alikuwa anahema kati ya kila maneno machache, na mimi Jumapili zote hizo nilidhani ni mtandao. "Yule mtoto amechoka. Akinipigia namsikia, anaongea kama mtu aliyekwishalala. Nikimwambia ataacha kazi, ataparamia basi, atakuja kukesha kunitazama. Nimemsomesha apumzike, sikumsomesha aje kuosha vidonda vyangu. Mwacheni."

Karatasi ilikuwa imelowa, nikaigeuza upande wa pili. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Kwani nimekuokota? Lakini umeniuliza kinesi, nimekujibu kinesi. Binti yangu hayumo kwenye maongezi haya."

Nilikuwa na ya kumwambia. Kwamba ni mkaidi, kwamba kidonda kama hicho kinaua, kwamba anaficha usaha mbele ya mtu anayelipwa kuuliza habari za usaha. Yote yalinijaa mdomoni, nikayameza, maana kwa binti yake angerudi kuwa hajambo.

"Sawa, mama," nikasema kwa ile sauti ya kazini. "Binti yako hataambiwa. Sasa nisikilize. Jirani akupeleke zahanati leo hii, wakuanzishie dawa. Kesho nesi anakuja na basi la kwanza kukuchukua, daktari ameshakutafutia nafasi."

Kitanda kikalia tena. Nikaona ndiyo basi, atanikatalia kama alivyonikatalia mbele ya wadi nzima.

"Atakuja kweli, huyo nesi?"

"Atakuja."

"Basi aje haraka," akasema mama. "Mwambie naogopa."