Mfalme Asiyeoshwa Miguu

Wafalme walikuwa wakimiminika uwandani tangu alfajiri, na Vasumati, mama yake mfalme wa Trikanda, hakuona hata mmoja wa maana.

Alikaa ndani ya gari la ng'ombe, nyuma ya gari la vita la mwanawe, pazia kalisogeza kidogo kwa kidole, akawa anawatazama wanavyopita. Huyu kaja na tembo wengi, kila tembo kapakwa rangi usoni utadhani anakwenda kuolewa. Yule kajimwagia marashi mpaka farasi wa jirani wanapiga chafya. Mwingine, mzee anayetetemeka mikono, kafungwa mkanda kwenye kiti cha gari asije akaanguka kabla vita havijamwangusha. Na wote hao wametoka makwao, wakavuka mito na misitu, kwa sababu watoto wa ndugu wawili wameshindwa kugawana kiti cha babu yao.

Vasumati akasonya.

"Hivi hawa watu hawana kazi za kufanya makwao?" alimwuliza Bhanuka, mzee aliyekuwa akiendesha gari lake, na ambaye zamani alimwendesha marehemu mumewe vitani. "Mtu anaacha mpunga wake shambani, anakuja kufia ugomvi wa binamu!"

"Taratibu, Bibi Mkubwa. Pazia halizuii sauti."

"Na isikike! Nani wa kuniuma hapa? Yule aliyefungwa mkanda?"

Bhanuka aliuma mdomo asicheke, akawachapa ng'ombe.

Vasumati hakuja kutazama tembo. Alikuja kwa jambo moja tu, kumrudisha mwanawe nyumbani akiwa hai. Mumewe aliitwa kwenye mkusanyiko kama huu, akaondoka kwa ngoma na mabaragumu, kilichorudi ni kilemba na pete. Akabaki na Ruchidatta peke yake. Sasa mjumbe alipofika Trikanda na shada la maua la kumwita vitani, kijana alilivaa shingoni hata kabla ya kuuliza ni upande gani unaomwita. Mama alilia, akafoka, akasusa chakula. Wapi! Kijana kichwani mwake alikuwa tayari anasikia watu wakimwimba.

Basi mama akabadili njia. Akasema haya, twende wote, angalau nihakikishe unakula. Moyoni alikuwa na hesabu yake. Alimpenda mwanawe sana, lakini hakuwahi kujidanganya juu yake. Ruchidatta alikuwa mropokaji. Tangu alipojua kusema hakunyamaza, na kila alichosema kilimhusu yeye mwenyewe. Mtu humchoka Ruchidatta kabla maji ya wali hayajachemka. Mwache aongee mbele ya wafalme wenye hasira za karibu, aliwaza Vasumati, nao wenyewe watamfukuza. Atarudi Trikanda amenuna, lakini atarudi.

Na sheria ilikuwa upande wake. Mfalme anayefika kambini ni mpita njia, mpaka mwenyeji amwoshe miguu na kumpa bakuli la asali na mtindi. Akishakunywa, keshakuwa wa nyumba ile. Atakula nao, atapigana nao, na kuondoka hawezi mpaka vita viishe au yeye mwenyewe aishe. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kidogo tu. Ruchidatta afukuzwe kabla ya bakuli.

"Mwanangu," alimwambia njiani, kwa sauti ya asali, "ukifika mbele yao usione haya. Waeleze habari ya yule chui. Waeleze yote."

Ruchidatta aligeuka akamtazama kwa mshangao, maana ile habari ya chui mama alikuwa akiikatiza kila mara, mbele za watu, kwa kusema chui mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Kwenye mlango wa hema kuu walipokewa na Nandaka, mpokea wageni wa kambi, mtu wa kitambi aliyekuwa akitafuna tambuu kama anagombana nayo. Aliwaacha juani mpaka wafalme wote wenye tembo wakaisha kupita. Ndipo akawasogelea.

"Nyie wa wapi?"

"Trikanda," alisema Ruchidatta, kifua mbele.

"Trikanda ni mji au ni ugonjwa?"

Askari wa mlangoni wakacheka. Vasumati alikunja ngumi ndani ya shela yake, kisha akajikumbusha kwamba hiki ndicho alichokitaka.

"Ni milima," alisema Ruchidatta.

"Aa, milima. Na ina mfalme?"

"Ndiye mimi."

Nandaka akachungulia nyuma ya kijana kama anayemtafuta mtu mwingine, hakumwona, akatema mate mekundu pembeni. "Haya, piteni. Leo tunapokea kila kitu."

Ndani ya hema wafalme walikuwa wameketi duara, kila mmoja na mtu wa kumpepea. Juu yao alikaa Yashobahu, mkuu wa upande ule, mwenye kudai kiti cha babu, mtu mkavu mwenye macho ya kukosa usingizi. Vasumati aliwapitisha jicho moja baada ya mwingine. Minofu tu na mikufu. Hawa ndio wa kufa nao mtoto wake? Hapana. Hawa hata kula nao angeona kinyaa.

Desturi ilitaka mwendesha gari ndiye atangulie, aimbe jina na sifa za mfalme wake. Yule aliyeendesha gari la vita la Ruchidatta alikohoa akafungua kinywa, lakini Ruchidatta akamsukuma kando.

"Kaa, kaa, wewe utasahau nusu," alisema, kisha akawageukia wafalme. "Mimi ni Ruchidatta! Mnaniona kijana, lakini chui wa Trikanda wakisikia jina langu wanahama. Mmoja nilimshika mkia!"

Akaeleza habari ya chui. Akaieleza yote, na chui akawa mkubwa kuliko alivyokuwa nyumbani. Akaeleza shabaha yake, akaeleza nguvu za mikono yake, akamwomba mfalme mmoja asimame ili amwonyeshe namna ya kushika uta. Mfalme huyo, mtu wa mashariki mwenye shingo nene, alikuwa amepigana vita tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Na wewe, Yashobahu," alimalizia Ruchidatta, "usiogope. Nimeona uso wako una wasiwasi. Ukizidiwa niite mimi tu, nitawamaliza peke yangu. Hawa wazee waache wapumzike."

Hema zima likalipuka. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, wengine wakasimama wakitukana. Yule wa shingo nene aliinyooshea kidole silaha ya Ruchidatta. "Uta huo ni wa vita au wa kuulia panya ghalani? Mtoe huyu mtoto, anatuletea nzi!"

Yashobahu hakucheka wala hakufoka. "Kijana," alisema, "mtu anayeniona nina hofu, hanifai. Watu ninao wa kutosha. Rudi kwenu ukalinde mbuzi."

Vasumati alisikia furaha ikimpanda mpaka masikioni. Kwisha! Amefukuzwa, na mchana bado mchanga. Aliinamisha kichwa kwa heshima asiyokuwa nayo, akamshika mwanawe mkono. Ruchidatta alikuwa amepauka. Macho yamemjaa maji, midomo inachezacheza, na kwa mara ya kwanza hakuna neno lililokuja.

"Twende, mwanangu," alisema mama. "Twende zetu."

Wakatoka. Gari lilikuwa pale pale, Bhanuka keshawageuza ng'ombe kuelekea milimani, maana naye alikuwa akiomba jambo lile lile. Zilibaki hatua chache tu.

Nandaka alikuwa mlangoni, mdomo umejaa tambuu. Alimtazama Ruchidatta kuanzia kilemba mpaka miguu iliyojaa vumbi la safari, akacheka puani.

"Mfalme wa chui! Kama una kiu, birika la ng'ombe lile pale. Miguu nayo utaosha humo humo. Ila uwaombe ruhusa ng'ombe kwanza, wao ni wa ukoo bora."

Vasumati alisimama.

"Bibi Mkubwa," Bhanuka aliita kutoka garini, haraka, "panda. Panda, tafadhali."

Alijua. Alijua kabisa kwamba sasa ni kupanda gari na kwenda zake. Lakini yeye alikuwa binti wa mfalme, mke wa mfalme na mama wa mfalme, na huyu mtafuna tambuu, huyu mfagia mlango, kamwonyesha mtoto wake birika la ng'ombe! Kumdharau Ruchidatta ilikuwa haki yake yeye. Yeye ndiye aliyemzaa. Damu ilimpanda kichwani, akageuka, akampiga kikumbo Nandaka na kitambi chake, akarudi ndani ya hema, shela imemwanguka mabegani.

"Yashobahu!" alisema, na wapepeaji wakaacha kupepea. "Mimi Vasumati wa Trikanda. Umemkataa mwanangu, sawa, jeshi ni lako. Lakini ni mfalme, na baba yake alikuwa mfalme, na alikufa akimpigania baba yako, wakati baba za hawa walionenepa hapa walikuwa wamejificha nyuma ya tembo wao! Leo mwana wake amekuja mlangoni kwako kwa kuitwa na shada lako, na unamrudisha na miguu ya vumbi. Hata maji! Mtu wako kamwonyesha birika la ng'ombe. Haya, mzee," alimgeukia kuhani aliyekaa karibu na moto, "wewe unayesoma sheria, mwambie bwana wako. Mgeni wa kuitwa akitoka bila kuoshwa miguu anaondoka na nini?"

Kuhani alitazama chini. Alijua, na kila mtu pale alijua. Anaondoka na mema yote ya mwenyeji, anamwachia madhambi yake.

"Nendeni vitani na hilo!" alisema Vasumati. "Nyie mnamcheka huyu? Huyu ana moyo kuliko nyie nyote mkichanganywa kwenye sufuria moja. Na chui yule alikuwa mzima! Nilimwona kwa macho yangu!"

 Hakuna aliyecheka. Wafalme walikuwa wakitazama magoti yao, na uso wa Yashobahu, ambao haukubadilika kwa matusi, sasa ulikuwa umebadilika kwa hofu. Mtu anakwenda vitani akiwa na deni la miguu ya mgeni! Aliteremka kitini mbio mbio.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sikujua. Leteni maji. Leteni beseni la shaba, si la udongo!"

Ruchidatta alikuwa amemfuata mama yake, kasimama nyuma yake. Walimketisha. Yashobahu mwenyewe akapiga magoti, akamwosha mguu mmoja, kisha wa pili, akaifuta kwa nguo ya begani mwake. Vasumati alitazama akiwa bado anahema kwa ushindi, anamtafuta Nandaka kwa jicho ili amwone anavyoaibika.

Ndipo alipoona bakuli linaingia.

Akakimbilia mbele. "Inatosha!" alisema. "Yashobahu, tumesamehe. Maji yanatosha. Mwanangu, inuka, twende nyumbani, ng'ombe wanangoja."

Ruchidatta aliinua macho. Machozi yalikuwa bado hayajamkauka, lakini uso ulikuwa unang'aa, uso ambao mama hakuwahi kuuona tangu kijana akiwa mtoto wa kutambaa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "maisha yangu yote nilidhani unaniona mpumbavu."

"Ruchi. Usinywe, mwanangu. Nakusihi."

"Umewaambia mimi ni mfalme. Umewaambia mbele ya watu wote. Sasa nikimbie?" Alitabasamu. "Sitakuangusha, Mama."

Akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akalirudisha. Mtindi ulibaki mdomoni juu, mweupe, kama wa mtoto.

Yashobahu akasimama. "Mfalme wa Trikanda ni wetu," alitangaza. "Atakaa safu ya mbele, mkono wa kulia wa tembo. Mama yake ametuambia moyo wake ulivyo. Hatutamficha nyuma ya mtu."

Mabaragumu yakapigwa. Wafalme wakanyanyuka mmoja mmoja kumwamkia, na yule wa shingo nene akasogea kumpisha nafasi, akamgonga bega kwa kiganja chake kikubwa. "Karibu, mdogo wangu," alisema. "Hebu tueleze tena habari ya chui."

Vasumati alikuwa bado amesimama katikati ya hema, shela mabegani, hakuna wa kumwambia kaa. Jisifu, alimwomba mwanawe kimoyomoyo. Waropokee. Watukane baba zao, wakuvunjie bakuli mgongoni, wakutupe nje.

"Si kitu," alisema Ruchidatta. "Alikuwa chui mdogo tu."

Akakaa kimya kati yao, mgongo wima, kama mfalme.