Kitambaa juu ya Kompyuta

Nyumbani kwa Dinah, pale Kamukuywa, hakukuwa na kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na chake, hata mtungi wa maji ya kunywa, vyote vyeupe, vyote kazi ya sindano yake mwenyewe. Kompyuta ya mumewe ndiyo iliyopata kitambaa kikubwa kuliko vyote, chenye maua pembeni. Mwalimu Mukhwana alikuwa akikitoa kila anapoketi kuandika, naye Dinah akikirudisha kila anapoinuka. Mwalimu alipofariki, hapakuwa tena na wa kukitoa.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti yake. Kabla ya madaktari kumpasua koo, Mwalimu alijirekodi akiwaachia watoto wasia, akamwagiza mkewe usisikilizwe mpaka siku ya kujengea kaburi lake kwa saruji, watoto wote wakiwepo. Baada ya upasuaji hakusema tena neno hadi anakufa. Haja zake zote aliziandika kwenye daftari.

Siku ya kaburi ilipangwa Jumamosi. Jumatatu Dinah akaiwasha kompyuta aone kama bado ni nzima, akaifunika dhidi ya vumbi, akaenda kupika. Aliporudi ilikuwa imezima. Akaiwasha, ikaonyesha maandishi meupe kwenye kioo cha buluu, ikazima tena. Wasiwasi ukampanda. Aliiwasha mara tisa, huku akiomba, hadi ikaanza kukwaruza kwa ndani kama panya kwenye gunia la mahindi.

Hakumwambia mtu, hata Joy, kifungua mimba wake. Jumanne alikifunga kisanduku cha kompyuta kwa kitambaa kilekile, akakipakata hadi Kitale kwa fundi aliyesifiwa na mke wa mchungaji.

Fundi mwenyewe aliitwa Wakiuru, msichana kutoka sehemu za Kwanza, mpole wa sauti lakini maswali yake hayakuwa na huruma. Alifungua ubavu wa kisanduku. Feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu na nyuzi nyeupe. Akauliza ilizima lini, na baada ya hapo imewashwa mara ngapi. Dinah alipotaja tisa, fundi akakitazama kile kitambaa.

"Mama, hii ilikuwa inafunikwa ikiwa inafanya kazi?"

"Mimi nafunikanga kila kitu. Vumbi ya kwetu si unaijua."

"Ilikosa hewa, ikapata moto sana. Hiyo pekee tungetengeneza. Lakini diski imeumia, na kuiwasha tena na tena ndio imeiumiza zaidi."

Majuto ni mjukuu, na siku hiyo yalimkuta Dinah kwenye kiti cha plastiki, mikono haina pa kukaa. Wakiuru alisafisha feni, akajaribu kuiwasha kompyuta kwa ile njia ya dharura inayoamsha vitu vichache tu. Ikakataa. Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kunakili kidogokidogo. Saa nane mchana akageuka. Wasia ulikuwa wa dakika ishirini na mbili. Kilichopatikana hakikufika dakika moja.

Dinah alikumbuka agizo la Jumamosi. Lakini angewaketishaje watoto mbele ya kitu asichokijua? Akaomba kisikizwe.

Kwanza kilikuja kikohozi, kisha sauti aliyoikosa karibu miaka miwili.

"Watoto wangu, ni mimi baba yenu." Kiti kikalia. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Ngojeni. Mama yenu amefunika tena hii kitu. Siku moja itaungua, bana. Lakini msimgombeze, ni vile akipenda kitu anakifunika." Kitambaa kikasikika kikivutwa. "Haya. Sasa nisikilizeni vizuri."

Hapo ikakatika.

Dinah alilia bila kujificha. Ugonjwa ulikuwa umemnyamazisha mume wake mara ya kwanza. Mara ya pili aliyemnyamazisha alikuwa yeye Dinah, kwa mikono yake, kwa upendo, na hilo lilimuuma kuliko mazishi.

Wakiuru alingoja. Kisha akauliza kwa upole kama aikate ile sehemu ya kitambaa, watoto wabaki na salamu ya baba yao tu.

"Usikate kitu," Dinah akasema. "Jumamosi watasikia yote. Hayo mengine ilienda wapi, nitawaambia mwenyewe."