Mlango Uliotazama Machweo

Saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Machi 1994, moshi wa bani la Aurelia, banda lake la kukaushia tumbaku kule Mpitimbi, Songea, uligeuka ukaelekea mashariki. Aurelia aliacha jembe. Tangu aolewe hapo, msimu wote wa mvua upepo ulitoka mawio. Ndiyo maana kila bani kijijini lilijengwa mlango ukitazama machweo, ili moto wa magogo uliowashwa sakafuni usipulizwe.

Anga lilikuwa la manjano, halina hata tone. Kuku walikuwa wamepanda kulala mchana kweupe. Migomba yote iliinama upande mmoja, lakini haikutoa sauti.

Adhuhuri alifika mdogo wake, Sixbert, mpimaji wa hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Songea. Aliiegemeza baiskeli ukutani bila hata kuomba maji.

"Dada, zima moto. Kuna kimbunga baharini, upande wa Msumbiji."

"Bahari iko wapi, Mpitimbi iko wapi?" alidakia Polikarp, kaka wa marehemu mume wa Aurelia. Bani alilijenga yeye.

"Kinavuta hewa hata ya huku, shemeji. Kinaikoroga bahari mpaka maji ya baridi ya chini yanapanda juu. Kitashindwaje kuugeuza upepo wetu?"

"We Sixbert! Mwambie huyo kimbunga wako arudi kwao, huku hatumjui," Polikarp alicheka.

Aurelia hakucheka. Ndani ya bani mlining'inia mavuno ya mwaka mzima, na Jumatatu angekuja mnunuzi binafsi, wa kwanza kufika kijijini tangu biashara ya tumbaku ifunguliwe kwa watu binafsi. Akizima moto, majani yaliyokauka nusu yataota ukungu. Asipozima, huenda asiwe na jani wala bani.

Aliyafukia magogo kwa udongo mbichi, akafunga mlango. "Tukalete maji," alimwambia Sixbert. "Shemeji, usiguse kitu."

Waliporudi kutoka mtoni, mlango ulikuwa wazi. Polikarp alikuwa ameyafukua magogo ili kuyaokoa majani, na nje hakuonekana. Moshi haukutoka. Nyasi za mlangoni zilikuwa zimelala, ncha zikielekea ndani, na bani lilikuwa likivuta hewa ndefu, kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Shemeji!" aliita Aurelia.



Aurelia alilowesha khanga, akajifunika, akaingia kwa magoti. Alipapasa mpaka akashika kifundo cha mguu. Alivuta, kitu kikavuta kuelekea ndani. Sixbert alimshika dada yake kiunoni, wakatoka wote watatu kwa mkupuo mmoja.

Polikarp alikohoa mpaka akatapika.

"Nani yule alikuwa ananisukuma mgongoni?" aliuliza.

"Ni upepo," alisema Sixbert.

"Upepo hauna mikono, bwana."

Aurelia aliumwagia moto maji, lakini upepo uliendelea kuupuliza. Saa kumi alasiri paa la nyasi liliporomoka ndani ya bani, na tumbaku yote ikateketea.