Mzabibu Uliopanda Mforosadi

Nestani alikwenda mkoa wa Guria kutafuta zabibu nyekundu. Kazi yake katika kitalu cha mizabibu cha mji wa Kutaisi ilikuwa kusaka aina za zamani kabla hazijapotea, na safari hii alikuwa amezunguka vijiji vinne akaambulia vumbi na kubwekewa na mbwa. Gari lilipochemka mlimani, alibisha hodi kwenye geti la kwanza kuomba maji.

Wenye nyumba, Mzee Erasti na mkewe Minadora, walikuwa katikati ya ugomvi.

"Ingia, mwanangu, uwe shahidi!" Minadora alisema. "Huyu ana miaka sabini na nane, bado anaparamia mti kama paka. Kesho anakuja mtu wa msumeno. Mforosadi ule unakwenda chini."

"Nami nitakwenda nao," Erasti akajibu.

"Heri uende nao kuliko uanguke kutoka juu yake!"

Maji yalisahauliwa. Erasti alichota divai nyeupe kwenye mtungi uliofukiwa uani, akaiweka mezani pamoja na mkate wa mahindi na jibini. Nestani alionja kwa adabu tu. Akaonja tena. Ilikuwa na ukali wa tofaa bichi, kisha ikabaki ulimini kama asali iliyokorogwa kwenye chai. 

"Mzee, hii zabibu gani?"

"Nyeupe."

"Naona ni nyeupe! Jina lake?"

"Sisi twaiita ya juu." Akaonyesha mforosadi. Mzabibu mnene kama paja ulikuwa umeuparamia mti hadi kileleni.

Nestani alivua viatu, akapanda. Aligeuza jani: upande wa chini lilikuwa na manyoya meupe kama pamba. Vishada vidogo, punje za kijani zenye madoa ya kutu. Miaka kumi na miwili alikuwa ameshika majani ya mizabibu mamia kwa mamia, hili hakuwahi kuliona.

"Siijui!" alipiga kelele, akicheka peke yake matawini. "Jamani, siijui kabisa!"

"Mungu wangu," Minadora alisema, "sasa wako wawili!"

Nestani alishuka na mikwaruzo mikononi. Erasti akamweleza kuwa mizabibu mingine yote ya aina hiyo kijijini iling'olewa zamani ili kupanda chai.

"Mama, nakusihi, usiukate. Huenda ndio huu tu uliobaki."

Minadora alimtazama mumewe, kisha akamgeukia Nestani. "Mzabibu huu unaweza kuota chini? Kwenye nguzo fupi, kama za watu wenye akili?"

"Unaweza, mama."

"Basi msumeno usubiri. Lakini mwaka huu unachuma wewe, si yeye."

Alichuma siku mbili, Erasti akimwamrisha toka chini: "Kushoto! Kushoto kwa Guria, siyo kwa Kutaisi!"

Februari alirudi kuchukua vipandikizi arobaini. Aprili, thelathini na vinane vilichipua kitaluni. Nestani alipiga simu kuwapa habari, na Minadora, bila hata kumaliza chai yake, alitoka na jembe kuchimba mashimo ya nguzo fupi.