Amina Iliyochelewa

"Mama Arcade, hivi yule mtoto wenu anakimbizwa na nani kila alfajiri?" Vestina, jirani, aliuliza siku moja wakichambua maharage. "Kama ni nyuki nyie semeni tu, tuhame wote."

Ernestine alicheka, akajibu kwamba anakimbizwa na baba yake. Lakini kicheko hakikushuka vizuri.

Spès, mjukuu wake, alikuwa na miaka minane. Tangu ashinde mbio za shule, baba yake, Arcade, hakuwa na habari nyingine. Yeye mwenyewe ujanani aliachwa nje ya timu ya wilaya, na uchungu ule haukumtoka. Basi jogoo hawajanyamaza, mtoto yuko barabara ya Litapunga, baba nyuma yake na baiskeli: "Kaza! Wenzako wa Mpanda mjini hawalali!" Hata mpira wa rede na wenzake hachezi tena. Goti likavimba. Arcade akalichua kwa mafuta ya moto, akasema ni mwili unakomaa. Jumamosi timu ya wilaya ingechaguliwa.

"Mwanangu, mpumzishe," Ernestine alimwambia.

"Mama, wewe shika mambo ya kanisa. Ya michezo niachie."

Akamwachia, maana mtoto ana baba. Akabaki kuangalia tu namna Spès anavyoshuka kitandani, akitanguliza mguu mmoja.

Jumapili iliyotangulia, walirudi misani, wakakaa kula. Kwao ugali hauguswi mpaka kila mtu aombe kwa sauti, na wengine waitikie Amina. Ernestine alishukuru kwa mvua, Arcade kwa kipaji cha mwanawe. Ikafika zamu ya Spès, macho kayafumba kabisa.

"Mungu Baba, asante kwa goti langu kuvimba. Naomba lisipone mpaka Jumamosi ipite. Kama baba atakasirika sana, basi liponye, uvunje mkono. Kwenye mbio mkono hautumiki."

Siku zote Amina hutoka yenyewe, mtu hajafikiri. Safari hii haikutoka. Spès akafungua jicho moja, akamtazama bibi yake.

Kumwombea mtoto aumie ni dhambi, Ernestine alilijua hilo. Lakini kunyamaza ni kumwacha peke yake.

"Amina," akasema.

"Mama!" Arcade alishtuka. "Unaitikia nini? Unataka mjukuu wako avunjike?"

"Nataka apumzike. Ameshindwa kukuomba wewe uliye hapa, kaenda kuzungukia mbinguni. Jumamosi haendi, Arcade. Ukimpeleka, nami nakuja, nitakaa katikati ya uwanja na kanga yangu, mkimbie juu yangu."

Arcade akamgeukia binti yake. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Nilikwambia, baba. Ukasema tumalizie mzunguko mmoja."

Arcade alilishika lile goti kwa kiganja. Lilikuwa la moto. Akainuka, akatoka kwenda kuifungia baiskeli stoo.