Juu Kijito, Chini Jiwe

Wimbo wangu ulitoka Ijumaa, na kufikia Jumatatu nilikuwa naomba watu wauchoke.

Si kwamba sikuutaka. Mimi Jovita nimepika midundo miaka sita kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na hakuna aliyewahi kuniomba hata nakala moja. Safari hii nilichukua sauti ya mama. Tulipokuwa wakimbizi kambini Tanzania alikuwa akituimbia mipaka ya shamba letu la Kizuka, huku Burundi, tusije tukaisahau: chini kijito, juu jiwe, kushoto mwembe, kulia kaburi la babu. Nilimrekodi kwa simu, nikaikata sauti vipande vipande, nikaitia besi. Watu wa dansi hupenda kuanza na "juu", basi nikayahamisha maneno. Kwenye wimbo wangu mama anaimba: juu kijito, chini jiwe, juu, juu, juu.

Kimbelembele changu hicho.

Ukapokelewa kuliko nilivyoota. Asmani, anayejazia watu nyimbo kwenye simu pale sokoni Rumonge, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya madumu ya mawese: "Dada Jovita, amahoro! Wimbo yako iko inapita zote! Mupaka Kabezi wanaiitisha!" Wauza dagaa nao wakaitikia. Nikacheza kidogo palepale, nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Mama alikuwa uani akichambua maharage, akiimba. Juu kijito, chini jiwe.

"Mama, si hivyo," nikasema. "Chini kijito."

Akaniangalia kwa huruma. "Uko unanifundisha shamba yangu? Wewe ulizaliwa kambini, mutoto wangu."

Hapo hofu ikaniingia, na haikutoka tena. Alhamisi kamati ya ardhi ingetusikiliza sisi na Meshaki, ambaye ukoo wake unalima shamba hilo tangu wazee wetu walipokimbilia Tanzania. Karatasi hatuna. Tuna kumbukumbu ya mama tu, nayo siku hizi inateleza. Mara mbili mwezi huu ameniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Kamati ilisema wazi: kila upande utataja mipaka minne, mwenzake akiwa nje, kisha waende kuikagua. Atakayekosea, kesi imemwishia.

Nikaufuta wimbo mtandaoni siku ileile. Nilikuwa najidanganya, ulishahama kutoka simu hadi simu. Nikamwendea Asmani, nikamsihi autoe.

"Niitoe?" akashangaa. "Dada, iko kwa simu ya kila mutu."

Tukiwa bado tunaongea, pikipiki ikapita inaupiga.

Siku mbili nilimfungia mama ndani. Nilifunga madirisha na joto lote lile la ziwani, nikamwimbia mpangilio wa kweli hadi koo likakauka. Aliitikia vizuri, chini kijito, nami nikapumua. Halafu jirani yetu Kadidja akawasha redio, na mama akainuka kucheza, akiimba ule wangu kwa furaha ambayo sijamwona nayo tangu baba afe. Niliogopa hata kumkalisha. Niliogopa kila nyumba yenye spika.

Alhamisi akavaa kitenge chake cha kanisani. Meshaki alitoka chumbani, akatupita bila kutusalimu, tukaingia. Mwenyekiti, mwanamke anayeitwa Speciosa, akanikataza kufungua kinywa.

"Mama Ernestina, sema mipaka. Pole pole, karani aandike."

Nikaona midomo ya mama inatafuta pa kuanzia. Mungu wangu, nikasema moyoni, neno la kwanza tu. Chini. Chini.

"Juu kijito," akasema mama.

Nikainuka bila kujua. Speciosa akaninyooshea kidole, nikakaa. Karani akaandika. Mama akaendelea, chini jiwe, kushoto mwembe, kulia kaburi, kwa sauti safi, bila kusita. Walipomsomea akaitikia kila neno, kisha akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza chini ya maandishi.

Tulipotoka nje akanishika mkono. Wake ulikuwa mkavu na mtulivu.

"Umeona?" akaniambia. "Walifikiri nitasahau. Sikuruka hata neno moja."